Mnaoniuliza kazi ya maikrobaiolojia kiwanda cha dawa ikoje, nawajibu leo

Kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia juzi, anamaliza chuo, kaitwa intavyuu kiwanda cha dawa na anataka kujua siku yangu maabara inakwendaje. Nakujibu hapahapa mdogo wangu, maana najua mnaoitaka hii kazi mko wengi.

Siku inaanza na joto. Kabla hujagusa sampuli yoyote unapita inkubeta (kabati za joto za kuoteshea vijidudu) moja moja, ya bakteria iwe kati ya nyuzi 30 na 35, ya fangasi 20 mpaka 25, unaandika ulichokiona, saa na sahihi yako, palepale, sio kwenye kikaratasi eti utahamishia baadaye. Imetoka nje ya hapo? Mwite supavaiza kwanza.

Halafu maji, na hapa nisikilizeni vizuri. Unazunguka kiwandani na chupa zilizotoka kwenye otoklevu, mashine ya mvuke wa kuua vijidudu, nyuzi 121, unakinga maji yaliyosafishwa kila sehemu yanapotumika, na unakinga vilevile wao wanavyoyatumia. Kama watu wa uzalishaji wanajaza tangi kwa mpira, na wewe chukua kwenye mpira. Wengine wanaufungua mpira, wanafuta bomba kwa spiriti, wanapata majibu mazuri. Majibu mazuri ya maji ambayo hayaingii kwenye dawa yanamsaidia nani?

Mimi hili limeniumiza. Kiwanda nilichokuwa zamani, sehemu moja ya maji ilinipa bakteria zaidi ya 100 kwa mililita, ambacho ndo kikomo. Siku zilizofuata sirapu ya watoto iliyotengenezwa na maji hayohayo nayo ikagoma. Sirapu ya maji kikomo cha bakteria ni 100 kwa mililita, ila famakopia (kitabu cha viwango vya dawa) kwenye kutafsiri majibu inavumilia mpaka 200, fangasi 10, na E. coli, bakteria wa kinyesi, asionekane kabisa kwenye mililita moja. Yetu ilipita hata hiyo 200. Nikaitwa kikaoni, nikaambiwa mbele ya watu kwamba maabara ndo imechafua sampuli, rudia haraka, mzigo unasubiriwa. Mtu ambaye hajawahi kushika pipeti ananifundisha mimi usafi! Nilinyamaza nikaenda kuleta karatasi zangu. Pleti (kisahani cha kuoteshea vijidudu) ya kontroli, yaani ya kulinganishia, isiyo na sampuli ilikuwa safi, pleti ya hewa niliyoiacha wazi pembeni yangu nikifanya kazi ilikuwa safi, na ile midia (chakula cha kuoteshea vijidudu) ilishapimwa kwa vijidudu visivyozidi 100 ikaotesha vizuri. Kila kitu kina saa na sahihi, sasa bisha.

Wakaenda kuangalia ule mpira. Umekunjwa chini sakafuni, maji yamelala ndani, wala haukumbukwi lini ulitakaswa. Pseudomonas, bakteria wa majimaji, anapenda hivyohivyo, anajijengea utando ndani ya mpira na kila ukifungua maji anamwaga wenzake. Mpira ukabadilishwa, ikawa unaning'inizwa ukauke, na hesabu zikashuka. Ile bachi, yaani ule mzigo wa sirapu, haikutoka. Asante sikuipata hadi naondoka, ila najua kuna mtoto hakuinywa ile dawa, na hilo halitoki moyoni mwangu.

Mchana ndo kumimina agari, midia ya kuganda, juu ya sampuli. Isizidi nyuzi 45, ikizidi unaua ulichokuja kukihesabu. Jioni unasoma pleti za siku zilizopita, unahesabu koloni (vidoa vya vijidudu vilivyoota), na mwenzako anahesabu tena bila kuangalia namba yako. Kuosha vyombo na kufungasha taka narukia, utavikuta.

Na uvumilivu mdogo wangu, uvumilivu. Bakteria siku 3 mpaka 5, fangasi 5 mpaka 7, sindano na matone ya macho yakipimwa utasa, yaani kama hayana kijidudu chochote, ni siku 14. Utapigiwa simu siku ya pili kuulizwa majibu, utaambiwa lori liko getini, utaitwa mgumu. Kuwa mgumu. Usitoe namba ya kukisia hata kwa bosi unayempenda, andika ulichoona, muda ulioona. Narudia tena, andika ulichoona. Siku wakija wakaguzi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, hawatauliza ulichoka au ulikuwa na njaa, watafungua daftari.

Sasa intavyuu. Nina uhakika utaulizwa ukipata majibu yaliyovuka kikomo utafanya nini. Wengi hujibu "narudia kipimo", usijibu hivyo. Sema unamtaarifu supavaiza, unaangalia kontroli, midia, joto la inkubeta na nani alichukua sampuli na kwa namna gani, halafu unamtambua kijidudu mwenyewe ujue katokea wapi, kurudia ni mpaka uchunguzi uoneshe sababu. Na pleti zinabaki kwenye friji, hazitupwi mpaka uchunguzi ufungwe, hilo litaje hata wasipokuuliza.