Kwadi mpya: saa za mwanzo za injini na uhai wa mkanda

Kwadi nyingi (pikipiki za magurudumu manne) zinazotembeza wageni Nungwi, Paje na Diani, na zile zinazobeba majani na madebe ya maziwa mashambani, hazina klachi ya kushika kwa mkono wala gia za kupandisha moja baada ya nyingine. Nguvu ya injini inapita kwenye mkanda mpana wa mpira wenye nyuzi ndani, unaozunguka kati ya puli mbili. Anayekabidhiwa mashine mpya kwa kawaida huanza kuuliza oili na matairi. Nyinyi mnaoanza, anzeni na mkanda. Ndio unaokufa mapema kuliko kitu kingine, na mara nyingi anayeuua ni dereva.

Kwanza jueni mna mashine gani. Honda za kazi, kama FourTrax Rancher, hazina mkanda huu. Zina gia za chuma. Yamaha Grizzly ina mkanda, lakini umebanwa muda wote, na kuna klachi nyingine ndani ya oili inayoshika pale injini inapopanda resi. Polaris Sportsman na Can-Am Outlander zinafanya kazi kwa namna nyingine: mkanda wenyewe ndio klachi. Mashine ikiwa sailensa, yaani inaunguruma tu bila ekseleta, mkanda umelegea katikati ya puli ya injini (ya mbele) na haushikwi. Mkibonyeza ekseleta kwa dole gumba, vyuma vya uzito ndani ya puli vinarushwa nje, vinausukuma upande mmoja wa puli kuelekea wa pili, na mkanda unabanwa. Resi ikiendelea kupanda, mkanda unapanda kuelekea ukingo wa puli ya mbele na kuzama kwenye puli ya nyuma, na hapo mwendo unaongezeka. Yanayofuata hapa kuhusu kuungua kwa mkanda yanahusu hasa aina hii ya mwisho.

Hapo ndipo mtu mwangalifu anapokosea. Ameambiwa mashine ni mpya, aiendeshe polepole. Basi anaweka gia ya H (ya mwendo wa kasi), anagusa ekseleta kidogo sana na kutambaa kwa kilomita 6 au 8 kwa saa, labda na abiria nyuma, labda kwenye mchanga. Anadhani anaitunza. Kumbe resi haijafika kiwango cha kuubana mkanda sawasawa: puli inazunguka, mkanda unasuasua, na msuguano unaupasha moto. Joto hilo linaung'arisha mkanda pembeni, na mkanda uliong'aa unateleza zaidi. Ukiteleza zaidi unapata moto zaidi. Mwendo wa chini ya kilomita 11 kwa saa, kupanda mlima, kuvuta tela, kupakia kwadi kwenye lori, kutoka kwenye tope: yote hayo ni kazi ya gia ya L (ya polepole na nguvu). Gia hiyo haikuwekwa kwa ajili ya dharura tu. Itumieni kila siku bila kuionea haya. Na mnapoondoka, kanyageni ekseleta kwa uamuzi mpaka mkanda ushike, halafu rudisheni mkifika mwendo mnaoutaka. Hakuna haja ya kurusha mashine, ila msiivutevute.

Sasa injini. Ukuta wa silinda mpya una mikwaruzo myembamba iliyochorwa kiwandani kwa makusudi, inakatizana kama macho ya jarife. Ringi za pistoni zinatakiwa kusuguana nayo mpaka zikae. Kinachozisukuma ringi nje ni mgandamizo wa gesi wakati injini inafanya kazi, kwa hiyo kuiacha iungurume tu kwa saa nzima hakuzikalishi. Kuipiga resi hadi mwisho nako kunaleta joto ambalo sehemu mpya haziwezi kulimudu. Kinachotakiwa ni mwendo unaobadilika: pandisha, shusha, pandisha tena.

Kila kampuni ina kipimo chake. Yamaha kwa Grizzly inataka saa 10 za kwanza msikae juu ya nusu ya ekseleta kwa muda mrefu, na kila baada ya saa moja injini ipoe dakika 5 hadi 10. Kutoka saa ya 10 hadi ya 20, msizidishe robo tatu kwa muda mrefu. Can-Am inasema saa 10 au kilomita 300, ekseleta isizidi robo tatu. Polaris kwa mashine za karibuni inahesabu saa 25, au muda wa kumaliza matangi mawili kamili ya petroli. Fuateni kijitabu cha mashine yenu, si cha jirani. Oili ya kwanza imwagwe mapema pamoja na filta yake, kwa kawaida kati ya saa 20 na 25, kwa sababu inabeba unga wa chuma uliotoka kwenye sehemu zilizokuwa zinasuguana. Siku hiyohiyo kazeni upya nati za magurudumu.

Mkanda una hesabu yake peke yake, na inaanza upya kila unapobadilishwa hata kama injini ni ya miaka mitano. Can-Am wanataka kilomita 50 za upole. Polaris wanataka kilomita 80, mwendo usizidi kama 48 kwa saa. Katika kilomita hizo hakuna kuvuta mzigo, hakuna kuondoka kwa kishindo, hakuna kushikilia mwendo mmoja wa kasi. Mpira mpya una ugumu na utelezi wa kiwandani juu yake. Unatakiwa ujisugue taratibu na uso wa puli mpaka vikubaliane.

Kabla ya kuvalisha mkanda mpya, uosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, usuuzeni, uacheni ukauke kabisa. Pulini piteni kwa kitambaa safi chenye spiriti, upande wote wa puli mbili. Mikono yenye grisi isiguse hapo. Na kile kimiminika cha kupulizia mikanda ya magari inayopiga kelele kisisogee karibu. Mkanda una mwelekeo: kama kuna mshale, ufuate mzunguko wa puli, kama hakuna, maandishi yasomeke ukiwa umesimama mbele ya kifuniko. Mkanda uliotumika ukirudishwa, urudi upande uleule. Msiuvalishe kwa kuubandua na bisibisi. Tumieni boliti maalumu inayokuja na mashine kutanua puli ya nyuma. Baada ya hapo zungusheni puli ya nyuma kwa mkono mpaka mgongo wa mkanda uinuke ukalingana na ukingo wa puli au uzidi kidogo. Mkiuacha umezama, mara ya kwanza mkiwasha utaondoka umelegea.

Kukagua ni kazi ya dakika chache, injini imezimwa, funguo mfukoni, puli zimepoa. Vueni mkanda, uzungusheni mkononi huku mkipima upana kwa venia (kipimo cha fundi chenye taya) sehemu tano au sita. Kama sehemu moja ya urefu wa vidole vichache imepungua kuliko nyingine, mkanda huo uliungua mahali pamoja: magurudumu yalikwama, dereva akaendelea kukanyaga, puli ikala palepale. Mkiwa mnaondoka mtausikia, kwadi inadunda tuk-tuk-tuk kisha inatulia kasi ikipanda. Mkanda kama huo hautengenezeki. Angalieni pia nyufa kati ya meno, nyuzi zilizochomoza pembeni, na mng'ao wa kioo. Unga mweusi kidogo ndani ya kifuniko ni kawaida. Ukiwa mwingi kiasi cha kukusanyika kwenye kona, kuna kuteleza.

Pwani ina adui wawili. Mchanga laini unafanya mashine ivute mzigo hata ikiwa tupu. Wenzetu wanaopanda vilima vya mchanga vya Sharqiya kule Oman wanalijua hili vizuri: ondoka kwa L, usisimame ukitazama juu, na baada ya mpando mkali usizime papo hapo. Hewa inayopoza mkanda inasukumwa na puli zinapozunguka, kwa hiyo endesha mwendo wa wastani dakika chache kwanza. Adui wa pili ni maji. Yakiingia, mkanda unateleza ghafla, injini inalia na kwadi haiendi. Simameni mahali tambarare, fungueni kizibo chini ya kifuniko maji yatoke, wekeni N (gia huru), shikeni breki, pandisheni na kushusha resi kwa sekunde 10 hadi 15 bila kuishikilia juu. Jaribuni kwa L. Kama bado unateleza, rudieni. Mkipita maji ya chumvi, osheni kwa maji baridi ya bomba jioni hiyohiyo, na mpira wa maji usielekezwe kwenye mdomo wa kuvutia hewa.

Mkanda ukikatika njiani, kuvalisha mwingine haraka ni nusu ya kazi. Nyuzi zake hujisokota kwenye shafti nyuma ya puli na kukata sili ya oili, na vipande vya mpira huziba bomba la kutolea hewa. Ondoeni kila kipande, tazameni nyuma ya puli zote mbili kwa tochi, chomoeni mabomba ya hewa myapulize. Ule mkanda wa akiba mnaoubeba chini ya kiti uwe umeshaoshwa na kuviringishwa kwa upole bila kukunjika kona. Mkiuvalisha, andikeni kilomita za siku hiyo kwa kalamu ya rangi ndani ya kifuniko, ili anayeipokea kwadi kesho ajue bado yumo katika kilomita za upole.