Maswali na Majibu: Chumvi ya haluli, "asilimia 99.5" na kijiko cha kila asubuhi

Barua za safari hii zimekuja na swali moja lenye sura nyingi: ni chumvi ya haluli ipi, au chumvi ya Epsom kama wengi wanavyoiita siku hizi, iliyo safi na salama ya kutumiwa mara kwa mara, na vipi kuhusu vidonge na "mafuta" ya magnesiamu? Nimechagua zile zitakazowafaa wengi. Zinazouliza kama chumvi hii huondoa sumu mwilini nimeziweka kando, kwa kuwa nimekwisha kuzijibu zaidi ya mara moja na jibu bado ni kwamba kazi hiyo ni ya ini na figo.

Naomba unitajie chapa moja tu iliyo safi kuliko zote.

Sitaitaja, kwa sababu jina la chapa halikuelezi kilichomo ndani. Wauzaji wengi hawatengenezi chumvi. Huinunua kwa magunia kutoka kiwandani na kuipakia upya, na gunia la leo si lazima litoke mahali lilikotoka la mwaka jana. Tazama kwanza daraja. Salfeti ya magnesiamu, ambalo ndilo jina la kikemia la chumvi hii, huuzwa kwa daraja la dawa, la chakula, la viwandani na la kilimo, na ile ya daraja la dawa hutaja famakopia, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, ambayo imetengenezwa kuifuata: USP ya Marekani, BP ya Uingereza au Ph. Eur. ya Ulaya. Kisha tafuta namba ya toleo, yaani ya fungu lililotengenezwa pamoja kiwandani, iliyochapwa kwenye mfuko wenyewe, na umwombe muuzaji cheti cha uchambuzi chenye namba hiyohiyo. Cheti kinachofaa huandika kiasi cha risasi, aseniki, kadimiamu na zebaki kwa tarakimu, na huonyesha nani alipima na lini. Karatasi yenye neno "imefaulu" na muhuri wa rangi ya dhahabu ni tangazo tu. Muuzaji akikwambia kwamba cheti ni siri ya biashara, nunua kwingine.

Maneno "asilia", "ogani" na "haina kemikali" yapite bila kuyapa uzito wowote. Chumvi hii ni kemikali kuanzia chembe ya kwanza hadi ya mwisho, na madini hayalimwi shambani hata yawe na kilimo hai.

Nimepata mfuko wa kilo 25 wa mbolea ulioandikwa "safi kwa asilimia 99.5". Familia nzima tunaogea kila siku, na mimi hunywa kidogo. Si ni kitu kilekile?

Acha kuinywa. Tarakimu hiyo inawapumbaza wengi, kwa hiyo niruhusu niifungue. Famakopia ya Marekani yenyewe hudai salfeti ya magnesiamu isipungue asilimia 99.0, ikihesabiwa baada ya maji yake kuondolewa. Kwa hiyo mfuko wako wa mbolea unaweza kuonekana "safi" kuliko dawa. Tofauti iko katika ile nusu asilimia iliyobaki. Nusu asilimia ya gramu moja ni miligramu 5, yaani sehemu 5,000 katika milioni, ilhali mipaka ya metali nzito katika dawa huhesabiwa kwa sehemu chache tu katika milioni. Hivyo chumvi inaweza kutimiza asilimia 99.5 kwa haki kabisa na bado ikabeba risasi ambayo hakuna daktari angeikubali. Mtengenezaji wa mbolea hakukudanganya. Yeye alipima kile ambacho mmea unakihitaji.

Liko jambo la pili ambalo hukuliuliza. Salfeti ya zinki, ambayo nayo ni mbolea, ina fuwele zinazofanana mno na hizi, na mashine inayopakia moja huweza kupakia nyingine. Katika karne ya 19 huko Uingereza watu walikufa baada ya kuuziwa asidi ya oksaliki kwa kudhaniwa kuwa chumvi ya Epsom, maana zote mbili ni fuwele nyeupe zisizo na harufu. Ndiyo maana chumvi iliyomiminwa kwenye mfuko usio na lebo haipaswi kuingia kinywani hata kama aliyekupa ni mtu unayemheshimu. Kuloweka miguu yenye ngozi nzima mara mojamoja kwa chumvi ya mbolea ni hatari ndogo, lakini wewe umeandika "kila siku" na "familia nzima", na watoto wakioga hunywa maji ya kuogea. Mfuko huo upeleke bustanini.

Je, naweza kuipima usafi nyumbani kwa siki?

Hapana, siki haitakuonyesha usafi. Unachoweza kukiona nyumbani ni uchafu usioyeyuka tu. Yeyusha kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, uiache itulie kwa saa moja, kisha uitazame ukiwa umeweka karatasi nyeusi nyuma yake. Maji yakiwa na ukungu, mafuta juu au mashapo chini, itupe. Yakiwa maangavu, umejua kwamba hakuna mchanga. Kuhusu risasi hujajua lolote, kwa kuwa nayo huweza kuyeyuka bila kuonekana.

Ipi ni bora, ya baharini au ile ya miamba ya kale?

Asili haikuambii usafi. Jina Epsom lilitokana na chemchemi chungu za mji wa Epsom, Uingereza, zilizopata umaarufu katika karne ya 17, lakini nyingi ya chumvi inayouzwa leo hutengenezwa kiwandani kwa kuunganisha madini ya magnesiamu na asidi ya salfuriki, na haina kasoro kwa sababu hiyo. Bahari nayo hupokea uchafu. Rudi kwenye cheti.

Shikamoo. Mama mkwe wangu, mwenye miaka 74, hunywa kijiko kimoja cha chai kila asubuhi. Chumvi yake ni ya daraja la dawa. Kuna ubaya?

Marahaba. Mwombe aache leo, na wiki hii apelekwe kupimwa figo.

Usafi na usalama ni mambo mawili, na barua yako ndiyo inayoyatenganisha vizuri kuliko zote. Karibu nusu ya uzito wa chumvi hii ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, na magnesiamu halisi ni takriban asilimia 10. Kijiko cha chai kisicho na kilima hubeba gramu 5 hivi, kwa hiyo mama anapata karibu miligramu 490 za magnesiamu kwa mkupuo mmoja, mbali na ile iliyomo katika chakula. Kikomo cha juu cha magnesiamu ya nyongeza kwa mtu mzima ni miligramu 350 kwa siku kwa mujibu wa wataalamu wa Marekani, na 250 kwa mujibu wa wale wa Ulaya. Mwenye figo nzima huikojoa ziada, au humtoka kwa kuhara. Figo zilizochoka haziwezi, na uzee huzichosha polepole bila maumivu, hata mwenyewe asijue. Magnesiamu ikijaa katika damu huanza na kichefuchefu na mwili kulegea, kisha shinikizo la damu hushuka, usingizi huzidi, pumzi hupungua, na mwisho wake moyo husimama. Kadiri chumvi inavyokuwa safi ndivyo kiasi hicho kinavyomfikia kamili.

Haluli ni dawa ya kuendesha tumbo, hufanya kazi kati ya nusu saa na saa 6, na maelekezo yake husema isitumiwe zaidi ya wiki moja bila ushauri wa daktari. Haikuwahi kuwa kinywaji cha asubuhi. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo asiiguse. Muulize pia mama anameza dawa gani nyingine: magnesiamu hushikana tumboni na antibayotiki kama tetrasaiklini na siprofloksasini, na pia na levothiroksini ya wagonjwa wa tezi, zikafyonzwa kidogo kuliko inavyotakiwa. Levothiroksini inahitaji nafasi ya saa 4 hivi. Kuhusu nafasi ya dawa nyingine, amuulize mfamasia.

Hospitali humpa mama mjamzito salfeti ya magnesiamu. Basi nami naweza kuinywa nyumbani nikiwa na mimba?

Usiinywe. Inayotolewa hospitalini kwa ajili ya kifafa cha mimba ni sindano isiyo na vijidudu, na manufaa yake si ya kubahatisha: jaribio la Magpie, lililochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha wanawake zaidi ya 10,000, lilionyesha kwamba ilipunguza hatari ya degedege hilo kwa zaidi ya nusu. Lakini tazama jinsi inavyolindwa. Muuguzi hugonga goti kwa kinyundo kuona kama mguu bado unaruka, huhesabu pumzi, hupima mkojo, na dawa ya kuipinga, kalsiamu glukoneti, huwa karibu. Jikoni kwako hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Mjamzito anayeumwa kichwa sana, kuvimba uso au kuona nuru zikimetameta aende hospitali saa hiyohiyo.

Vidonge vyangu vimeandikwa "glisineti ya magnesiamu miligramu 1,000". Nimezidisha kipimo?

Huenda hata hujakifikia. Wauzaji hupenda kuandika uzito wa mchanganyiko mzima kwa herufi kubwa, na miligramu 1,000 za glisineti, yaani magnesiamu iliyounganishwa na glisini, zina takriban 140 tu za magnesiamu halisi. Geuza kopo usome jedwali la nyuma, lilipo neno "magnesiamu" likifuatwa na kiasi. Oksidi ya magnesiamu, kwa upande wake, ina asilimia 60 ya magnesiamu halisi, ila mwili huifyonza vibaya na sehemu kubwa huishia chooni. Na baadhi ya vidonge vinavyoitwa glisineti vimeongezwa oksidi humohumo, jambo ambalo husemwa kwa herufi ndogo sana. Alama ya ukaguzi wa taasisi huru, kama USP Verified au NSF, ina thamani. Picha ya daktari anayetabasamu haina.

Nina mzio wa dawa za salfa. Niiogope salfeti?

Hapana, ni vitu viwili tofauti.

Mafuta ya magnesiamu hunichoma ngozi. Je, ni dalili kwamba yanaingia mwilini?

Ni dalili kwamba umepaka maji ya chumvi kali kwenye ngozi. Hayo si mafuta; ni kloraidi ya magnesiamu iliyokolezwa katika maji mpaka ikateleza kama mafuta. Ama madai kwamba magnesiamu hupenya ngozi kwa kiasi cha maana, iwe kwa kupaka au kuoga, mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Nutrients hayakuona ushahidi wa kuyabeba. Maji ya moto hulegeza misuli, na kama unayafurahia endelea nayo, ila chagua chumvi isiyo na rangi wala manukato, maana vitu hivyo ndivyo vinavyowasha wengi. Mwenye kisukari na ganzi au kidonda mguuni asiloweke kabisa, hata katika chumvi safi namna gani.

Chumvi yangu ilikuwa kama vioo vidogo, sasa imegeuka unga mweupe. Imeharibika?

Imepoteza sehemu ya maji yake kwa sababu uliiacha wazi penye hewa kavu. Ingekuwa hewa yenye unyevu, ingeganda mabonge. Vyote viwili si sumu, ila unga huo sasa una magnesiamu nyingi zaidi kwa kila gramu, kwa hiyo maelekezo ya vijiko yaliyoandikwa kwenye mfuko hayalingani nao tena. Tumia ya kuloweka miguu, na uihamishie kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na lebo yake ya mwanzo.