Dada wa Lindi, usilipie hayo maneno 365

Kama hiyo 45,000 bado haijatoka kwenye simu yako, isitoke. Soma kwanza.

Umesema kuna mtu anakuuzia kwa shilingi 45,000 kifurushi cha maneno 365, neno moja kwa siku la kukuamsha uandike kwenye daftari lako. Unauliza kama bei ni halali, ununue daftari gani, uandike asubuhi au usiku, na kama unaweza kumshirikisha binti yako wa darasa la nne. Halafu ukaweka mfano wa maneno yenyewe: Shukrani, Kusudi, Mabadiliko, Usaliti. Nilipofika Usaliti nikaweka kikombe chini. Hilo neno tunajuana. Lilinigharimu mbuzi.

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha korosho huku Mtwara. Mauzo yakiisha nakuwa mtu wa kuhesabu mijusi ukutani, na Februari 2021 nikaona bora nianze kuandika. Sikutaka kutoa kitabu, nilitaka daftari la mambo yangu tu. Akatokea kocha mmoja wa maisha (siku hizi makocha ni wengi kuliko timu), nikamlipa 60,000, nikaongeza 25,000 ya daftari lenye jalada gumu na kamba ya kufungia. Kauntabuku ya 3,000 ilikuwa inaniangalia dukani kwa jirani.

Faili lilipofika nikachungulia mbele. Siku ya 81 neno ni "Chemchemi", na maelezo chini yake: "Eleza jinsi maua yanavyochanua baada ya theluji kuyeyuka." Chemchemi gani inachanua maua? Mtu alichukua orodha ya Kizungu akaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, neno lao spring, la majira ya maua, likageuka kuwa maji yanayobubujika, na yeye hata hakusoma alichokuwa anauza. Mbele zaidi kuna "Vuli: eleza majani yanavyobadilika rangi." Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili. Vuli tunaisikia kwenye utabiri wa hali ya hewa wa watu wa Dar na Tanga. Hapo ningeshtuka. Sikushtuka, nilishalipa.

Siku kumi na sita za kwanza niliandika hotuba. "Shukrani ni ufunguo wa baraka." "Kusudi ni dira ya maisha." Ukiyasoma leo utadhani nilikuwa nagombea udiwani.

Siku ya 17, Usaliti. Sharti la kocha lilikuwa ujaze ukurasa mzima, upige picha, uitume kwenye kundi la WhatsApp kabla ya saa nne usiku, eti tuwajibishane. Nikakaa saa moja, nikakaa saa mbili. Jamani, mimi hakuna mtu aliyenisaliti. Kuna jamaa alinipiga bei ya samaki changu pale feri, basi. Saa tatu na nusu ukurasa bado mweupe, ndipo nikamkumbuka shemeji, kaka wa mke wangu. Julai iliyopita aliazima mashine yangu ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, akaichelewesha siku mbili. Siku mbili! Na aliirudisha imefutwa vumbi, ina petroli ndani.

Lakini neno kubwa lina njaa. Ukilipa siku mbili halishibi. Kufika katikati ya ukurasa shemeji alikuwa ameuza mifuko yangu minne ya salfa. Kufika chini ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umekausha maua ya mikorosho yote, na mimi nimesimama katikati ya shamba nalia. Nikafunga na sentensi niliyoiona tamu kuliko asali: "Ewe usaliti, mbona umevaa sura ya ndugu?" Kocha akaniwekea alama tatu za moto. Nikalala na furaha kama mtoto wa sikukuu.

Kundi lilikuwa na watu sitini na kitu. Jina sikutaja, lakini nilitaja shamba liko upande gani wa Nanyamba, nikataja rangi ya mashine, na nikataja kwamba ni kaka wa mke wangu. Mke ninaye mmoja, naye kaka anaye mmoja. Na katika wale sitini mmoja anachota maji bomba moja na mama mkwe, Masasi. Alhamisi picha ikawa imefika. Jumamosi nikaitwa, niende na daftari.

Kwa msiojua mila zetu: Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo tunaufuata kwa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Kwa hiyo sikuwa nimemsema shemeji tu, nilikuwa nimemwita mwizi mjomba wa wanangu. Halafu aliyekaa kwenye mkeka wa kuamua alikuwa mjomba wake huyo shemeji.

Mzee hakuwa na miwani. Daftari la 25,000 akapewa mtoto wa darasa la sita alisome kwa sauti. Mtoto akasoma kwa kufuatisha kidole, nukta hazioni, mpaka akafika "Ewe usaliti" akaliinua kama anaghani shairi siku ya mahafali. Mzee akamsimamisha, akauliza: "Huyo Usaliti ni mtoto wa nani?"

Hakucheka mtu. Mimi nilitamani kucheka, meno yakakataa kutoka. Nikajieleza kuwa hayo ni mazoezi ya uandishi. Akauliza, mazoezi ya kufanya nini, kusema uongo? Dada, tangu siku hiyo natafuta jibu la swali hilo.

Faini mbuzi mmoja wa 90,000, na nauli ya kwenda na kurudi kilomita kama 200 kila upande. Shemeji hakusema neno, na hilo ndilo liliniuma. Wakati wa palizi hakuja, nikalipa vibarua. Mke wangu wiki tatu alizungumza nami kupitia mtoto: "Mwambie baba yako chakula kipo." Baba mwenyewe niko hatua mbili.

Nikamwandikia kocha. Akajibu kuwa maumivu ni mbolea ya mwandishi, akaambatanisha bei ya kifurushi cha pili, 120,000. Nilipomuuliza hiyo mbolea anaiuza kwa mfuko au kwa debe, akanifungia. Popote ulipo, kocha, yule mbuzi alikuwa na mimba.

Sasa wajuaji wa humu wataniambia kosa langu lilikuwa kutuma picha. Sawa, usitume picha. Lakini hata nisingetuma, uongo ungekuwa umeandikwa, kwa mkono wangu, juu ya mtu aliyenijazia petroli. Chanzo ni lile neno. Usaliti hauna rangi wala harufu, huwezi kuugeuza uone umepasuka wapi. Ukipewa neno tupu utalijaza chochote kilicho karibu, na kilicho karibu huwa ni ndugu.

Jumatatu yake nimekaa sebuleni na hasira, nikaandika juu ya ukurasa MBUZI, nia yangu nipige hesabu ya hasara. Jikoni mke wangu anakuna nazi. Kru, kru, kru. Mkono ukaniacha ukaenda kwa mbuzi ya nazi. Yetu ni ya marehemu mama, aliinunua Mikindani. Jino la tatu kutoka kushoto halipo, ndiyo maana machicha ya nyumbani kwetu yana vipande vikubwa. Mguu mmoja ulipasuka, umefungwa waya wa umeme wa bluu. Nikajiuliza waya huo aliufunga nani. Nikaendelea kuandika huku najiuliza, na jibu likatoka kwenye kalamu kabla halijafika kichwani: ni shemeji, siku ya harusi yetu, wali wa nazi unasubiri na mbuzi imevunjika. Koleo hakuna, akaukaza waya kwa meno, ukamkata mdomo, akala karamu na mdomo umevimba.

Nilikuwa nimelisahau hilo kabisa. Ukurasa mmoja na nusu, dakika kama kumi, na hakuna neno hata moja la kubuni.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nitairudia mpaka mnichoke: neno liwe la kitu ulichowahi kukishika. Ndoo. Salfa. Ufunguo. Kibatari. Ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, jinsi unavyoimenya ikiwa bado ya moto ukajipaka chumvi na pilipili mpaka kwenye kope. Usianze na "upendo", anza na khanga uliyopewa na huyo mpendwa. Upendo ukiwepo utajileta wenyewe. Kiswahili chenyewe kinakusaidia: andika "kaa" uone utatokea jikoni kwenye moto au ufukweni kwenye matope. Andika "paa", unaweza ukaanza na nyumba ukamalizia na magamba ya samaki.

Yule kocha alipenda kumtaja Ray Bradbury, mwandishi wa Marekani, kama mwalimu wake. Nikaenda kusoma mwenyewe. Kweli Bradbury alipokuwa kijana alikuwa akiorodhesha maneno matupu: ziwa, korongo, dari, treni ya usiku. Lakini vilikuwa vitu vyake, vya utotoni kwake Illinois. Mwaka 1942, akiwa na miaka 22, neno "ziwa" likamletea hadithi ya msichana aliyezama, akamaliza kuandika huku analia. Ziwa alilolijua tangu mtoto. Hakuuziwa kwa 45,000 ili kila mtu aandike ziwa lilelile.

Mimi nimekata vipande vya karatasi nikavitia kwenye kopo la maziwa. Kila nikikumbana na kitu nakiandika natumbukiza. Jioni natoa kimoja bila kuangalia, dakika kumi, kalamu haiinuki. Nikikwama naandika kitu kina rangi gani, nani alinipa, kilivunjikia wapi. "Mizani" ilinipa kurasa nne: msimu wa 2018, bei imetangazwa 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yanapita kubeba korosho, na bibi mmoja amekuja na kilo saba kwenye kitenge, anazihesabu punje kwa punje kabla hajaniruhusu nipime. Niambie "Kusudi" ingenipa nini.

Daftari ni kauntabuku. Kalamu yoyote. Binti yako... uliuliza nini kuhusu binti? Mpe kopo awe anatumbukiza maneno yeye, watoto wanashika vitu vingi kuliko sisi. Na kulikuwa na swali jingine la saa, nikilikumbuka nitarudi.

Sasa hivi naitwa nje. Shemeji amefika na bodaboda. Mwaka huu amenunua mashine yake mwenyewe, ipo kwangu, na nimeichelewesha siku nne.