Nguruwe hai wa kuvuka mpaka: angalia damu na lori kabla ya bei

Ukisikia nguruwe wa upande wa pili wa mpaka wameshuka bei ghafla, usikimbilie kukodi lori. Homa ya nguruwe ya Afrika ikiingia eneo fulani, wafugaji huuza haraka kabla nguruwe hawajaanza kufa, na walanguzi hununua kwa bei ya kutupa. Wengi wa nguruwe hao bado wanakula na kutembea vizuri, maana dalili huchukua siku 4 hadi 19 kujitokeza. Kwa mnunuzi wa Busia, Mutukula au Tunduma, bei tamu kupita kiasi ni dalili ya ugonjwa, tena hutangulia dalili ya macho, ile ya masikio ya nguruwe kuwa mekundu.

Tunaung'ang'ania ugonjwa huu kwa sababu ndio unaofilisi. Ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1921, kutokana na nguruwe waliokufa Kenya, na virusi vyake bado vinazunguka huku kwetu kati ya ngiri na papasi wa mashimoni mwao. Binadamu haumuathiri, lakini kwa nguruwe hauna tiba. Hong Kong, Mei 2019, nguruwe mmoja tu aliyetoka China bara alikutwa na virusi machinjioni, na takriban nguruwe 6,000 waliokuwa humo wakauawa.

Anza na kibali cha kuingiza mifugo kutoka mamlaka ya mifugo ya nchi unakowapeleka. Kibali ndicho kinachotaja masharti, na daktari wa mifugo wa serikali kule wanakotoka huyathibitisha kwenye cheti cha afya. Wengi hufanya kinyume: wanalipia nguruwe, kisha ndiyo wanahangaikia karatasi. Cheti kikikosa kipimo kilichotajwa kwenye kibali, mzigo unakwama mpakani juani. Namba za hereni nazo zisomwe sikio kwa sikio, zilingane na cheti, kabla mnyama hajapanda lori.

Sasa damu. Kwa nguruwe wanaotoka nchi yenye ugonjwa, kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zina njia ya karantini: watengwe siku 30 kabla ya safari, na baada ya kukaa humo angalau siku 21 wapimwe virusi na kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi. Muuzaji atakwambia kipimo kimoja kinatosha. Hakitoshi. Aliyeambukizwa juzi ana virusi ila kingamwili bado; aliyeugua akapona ana kingamwili, na virusi vinaweza visionekane kwenye damu. Ukipima upande mmoja, unamnunua yule wa upande mwingine.

Kama unachotafuta ni kuboresha kizazi tu, fikiria kununua shahawa badala ya dume hai. Chupa ya dozi, kwa kawaida mililita 80 hivi, hukaa kwenye nyuzi joto 16 hadi 18 za Selsiasi, si kwenye friji la nyumbani, na hugeuzwa taratibu mara mbili kwa siku. Nyingi hudumu siku 3 hadi 5. Madume yaliyozitoa lazima yawe yamepimwa, kwani shahawa nayo hubeba magonjwa.

Lori ndilo linalotutia wasiwasi kuliko nguruwe wenyewe, kwa kuwa jana lilibeba wa mtu mwingine na hakuna anayelipima. Kumwaga dawa juu ya kinyesi ni kupoteza pesa: uchafu huimaliza nguvu kabla haijagusa virusi. Kwarua kwanza kinyesi na maranda yote, osha kwa sabuni, suuza, acha likauke. Ndipo upake kostiki soda, gramu 8 kwa lita moja ya maji, ikae dakika 30, kisha suuza tena. Vaa glavu na miwani, na usiitumie kwenye bodi ya alumini, inaila. Usisahau kapeti ya dereva, pedali na buti zake. Dereva asibebe kitimoto cha kula njiani. Virusi huishi muda mrefu kwenye nyama isiyoiva vizuri, na mabaki yakitupwa karibu na nguruwe wa kijijini, umewapelekea ugonjwa.

Nafasi ipigiwe hesabu. Sheria za Ulaya zinaruhusu kilo 235 kwa mita moja ya mraba kwa nguruwe wa karibu kilo 100. Bodi ya lori ya mita 6 kwa 2.2 inabeba nguruwe 31 wa uzito huo. Kwenye joto letu pakia 25. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza, hivyo safari iwe ya usiku, maranda yaloweshwe, na lori lisisimame bila kivuli na upepo. Chakula kikatwe muda wa saa 8 hadi 12 kabla ya kupakia, maji yasikatwe. Mwinuko wa njia ya kupandia usizidi nyuzi 20: bodi yenye kimo cha mita 1.1 inahitaji ubao wa mita 3.2 au zaidi. Wasukume kwa ubao mpana, si kwa fimbo. Usichanganye wa mabanda tofauti. Watapigana, na anayepigana kwenye joto hufa kwa joto kabla ya majeraha. Ukimkuta anahema mdomo wazi, mpeleke kivulini, mloweshe miguu na masikio polepole. Ndoo nzima ya maji baridi kwa mpigo inaweza kumuua.

Wakifika, siku 30 nyingine za kutengwa, mbali na banda lako, wakiwa na ndoo, buti na ikiwezekana mhudumu wao. Mhudumu akiwa mmoja, awahudumie wageni mwisho, kisha aoge abadili nguo. Badilisha chakula kidogo kidogo kwa wiki nzima, la sivyo wataharisha na utashindwa kujua kama ni pumba au ni ugonjwa.

Akifa mmoja, usimpasue kuangalia ndani wala usiuze wenzake. Damu yake ndiyo yenye virusi vingi zaidi. Funga geti, mwite daktari wa mifugo achukue sampuli. Mpe na orodha ya kila mahali lori liliposimama, na majina ya waliopakia na kushusha.