New Forest kwa siku moja, inatosha?

Mkuu, umeuliza kama siku moja New Forest kule Uingereza inatosha kutembea, kupanda farasi na kuona wanyama. Vyote vitatu? Utachoka bure, chagua viwili. Ule msitu mfalme William wa Kwanza aliutenga 1079 kwa ajili ya kuwinda kulungu na mpaka leo kulungu wapo kibao, nenda Bolderwood, humo humo msituni, asubuhi mapema kuna jukwaa la kuwaangalia, ila kaa kimya bana. Ukikodi baiskeli usijiendee tu, fuata njia zenye alama. Wale poni, yaani farasi wadogo, wanaozurura hadi barabarani wana wenyewe, usiwalishe wala kuwashika, teke lao sio la kitoto. Na suruali ichomekee kwenye soksi, kupe wa kule hawana adabu.