Kinyago cha Durga: kimechongwa au kimeundwa?

SWALI: Natafsiri maelezo ya picha za ngoma ya Chhau ya Purulia, India. Kuhusu Durga, mungu wa kike wa Wahindu, niliandika: "Barakoa ya Durga iliyochongwa Charida inaingia uwanjani na anamuua shetani Mahishasura." Mhariri ameirudisha bila maelezo. Kosa ni lipi?

JIBU: Yamo manne, na zito kuliko yote ni kitenzi "kuchonga".

Kuchonga ni kupunguza: tezo na patasi huondoa mti hadi umbo litokeze. Ndivyo Wamakonde wanavyopata vinyago vya mapiko, ngoma yao ya jando na unyago. Mafundi wa Charida, kijiji cha wilaya ya Purulia katika jimbo la Bengal Magharibi, hufanya kinyume: wao huongeza. Hufinyanga kwanza kalibu ya udongo yenye sura ya mtu, huinyunyizia majivu laini, kisha hubandika juu yake karatasi zilizolowekwa kwenye gundi nyepesi, tabaka 8 hadi 10. Majivu ndiyo yanayozuia karatasi isigandamane na udongo. Yakikosekana, uso huraruka wakati wa kuubandua. Pua, midomo na nyusi huongezwa kwa udongo, kisha huja tabaka la tope na kitambaa. Kazi huanikwa juani, husuguliwa hadi ilainike, huanikwa tena. Hapo ndipo ganda hubanduliwa, macho na pua hutobolewa, na rangi na mapambo hufuata.

Kwa hiyo kalibu hufinyangwa, karatasi hubandikwa, ganda hubanduliwa. Kinyago kizima "kimeundwa" au "kimetengenezwa". Tumezoea kusema "kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi", lakini msemo huo ni wa mti. Usiuhamishie kwenye karatasi.

"Barakoa" nayo haifai. Ile ya wanawake wa pwani na Oman husitiri uso, na ile iliyoenea tangu 2020 huziba pua na mdomo. Zote mbili humwacha mvaaji akiwa yuleyule. Kinachomgeuza mchezaji kuwa Durga ni kinyago.

La tatu ni upatanisho. Sentensi yako imeanza na kifaa ("inaingia") ikamalizia na mtu ("anamuua"). Chagua mmoja awe mtendaji. Ukisimulia kisa, mtendaji ni Durga: anaingia, anarusha mkuki wa ncha tatu. Ukieleza kifaa, shika KI-: kinyago kimepasuka, kina taji refu. Kinyago hakiwi kama kiboko au kipofu, ambao huchukua A- kwa sababu wana uhai.

Mwisho, "shetani" humpeleka msomaji wetu moja kwa moja kwenye Biblia na Kurani, na "jini" haliponyi. Mahishasura ni asura, kiumbe mwenye nguvu nyingi anayepigana na miungu, tena nguvu zake alizipata kwa baraka ya mungu Brahma mwenyewe. Bakiza "asura" na ulifafanue mara moja tu.

Andika: "Durga, akiwa na kinyago kilichoundwa Charida, anaingia uwanjani na kumuua Mahishasura, asura mwenye umbo la nyati."

Kabla ya kutuma, hakikisha kila picha imetoka wapi. Chhau, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2010, ina mitindo mitatu: Purulia, Seraikella na Mayurbhanj. Wachezaji wa Mayurbhanj hawavai vinyago kabisa, kwa hiyo picha zao zieleze miondoko na nyuso zao wenyewe.