Kwa mkutubi mpya aliyepewa kuandika andiko la ruzuku

Ukiajiriwa kwenye maktaba ya chuo kikuu hapa Uganda, hutakaa sana kabla mkuu wako hajakuletea tangazo la ruzuku na kusema, "Wewe kijana, tuandalie kitu." Wengi hukimbilia utangulizi: umuhimu wa maktaba, dunia ya kidijitali, na maneno mengine ambayo mfadhili ameshayasoma mpaka yamemchosha. Achana nayo kwanza. Anza na bajeti, kwa sababu bajeti ndiyo itakayokulazimisha kujua kazi yenyewe.

Tuseme mnataka kuskani magazeti ya zamani, kwa mfano Munno, lililoanza mwaka 1911. Karatasi ya gazeti ya umri huo hugeuka manjano na kukatika ikikunjwa, kwa hiyo skana ya A4 iliyo mapokezi haina kazi hapo. Mnahitaji ile inayopiga picha kutoka juu, gazeti likiwa limelazwa wazi. Sasa piga hesabu. Ukurasa wa ukubwa wa A2 (mara nne ya A4), kwa rangi, dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), ukihifadhiwa kama TIFF isiyobanwa, yaani faili la picha ambalo halijapunguzwa ukubwa, unakula karibu megabaiti 100. Kurasa 10,000 ni kama terabaiti moja, na hiyo ni nakala moja tu. Nakala ya pili itakaa wapi? Nani atafunua kurasa hizo, kwa mkataba gani? Umeme ukikatika katikati ya kazi? Kila swali ni mstari wa bajeti, na kila mstari ni aya ya andiko ambayo sasa unaweza kuiandika bila kubabaisha.

Bei usizikisie. Omba profoma dukani, yaani ankara ya bei kabla ya kununua, kisha uulize kama VAT ya asilimia 18 imo ndani. Usidanganyike pia na neno "bure": Koha, programu ya kuendesha maktaba, na DSpace, ya kuhifadhi nyaraka za kidijitali, hazina ada ya leseni, lakini seva inanunuliwa na mtu wa kuitunza analipwa.

Haki miliki ishughulikie mapema. Sheria yetu ni ya mwaka 2006, na barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye gazeti huchelewa kuliko unavyodhani.

Masharti ya mfadhili yasome kwa kalamu mkononi. Mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, kwa mfano, hauruhusu nyaraka halisi kutoka nje ya nchi zilimo. Ukiweka nauli ya kuzisafirisha London, msomaji atajua hukusoma. Fedha za serikali, kama zile za mfuko wa utafiti wa Makerere ulioanza mwaka 2019, zina mtihani wake: mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na taratibu za ununuzi wa umma haziendi mbio. Mimi huketi na ofisa ununuzi kabla ya kupanga ratiba. Wao hucheka wakiona mtu ameandika "kununua skana: wiki mbili".

Ukimaliza, mpe mhasibu bajeti peke yake, bila maelezo, akueleze mradi ni wa nini. Akishindwa, rudi mezani. Na barua ya Makamu Mkuu wa Chuo ya kuunga mkono andiko iombe wiki kadhaa kabla ya siku ya mwisho, maana wakubwa husafiri, na katibu muhtasi wake hawezi kumsainia.